Geuza Mashine Uitazame Chini

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa mafundi wa kupiga polishi magari. Wengi hawakuweza kufika na wakaniomba niiandike, nami nimeiandika karibu kama ilivyosemwa. Picha za ukutani nimeziacha. Pale nilipoonyesha kitu kwa mkono, nimeeleza kilikuwa nini.

Mafundi wenzangu, habari za asubuhi. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Na nyie vijana mliosimama karibu na mlango kama wenye haraka, njooni mkae, maana leo sitamaliza upesi.

Nianze na swali. Unapopiga polishi, unapiga kwa kutumia nini?

Juzi nilimuuliza kijana mmoja swali hilohilo. Akanitajia mashine yake: jina, wati, kasi, hata urefu wa waya. Nikamuuliza, "Hiyo mashine inagusa gari?" Akacheka. Akasema, "Ikigusa gari si nimeshaharibu?" Haya! Basi kama mashine haigusi gari, ni nini kinachogusa? Ni sponji. Na sponji inabebwa na nini? Na pleti, lile bamba la duara lenye velkro ambalo wengi wetu hatujalitazama tangu siku tulipotoa mashine kwenye boksi.

Hebu nyoosheni mikono. Nani hapa anajua kipenyo cha pleti iliyoko kwenye mashine yake? Sijauliza pedi, yaani ile sponji. Nimeuliza pleti.

(Ukumbi ulikuwa umejaa. Ilinyooshwa mikono saba, na miwili ikashuka nilipoomba watuambie.)

Mmeona? Mashine tunazijua, dawa tunazijua, kompaundi, ile dawa ya kusugulia mikwaruzo, tunabishana usiku kucha ipi inakata mikwaruzo na ipi inaijaza tu. Lakini hivi vitu viwili vilivyo kati ya mota na rangi ya mtu tunavinunua kwa macho. Na tunavinunua kinyume. Tunaanza na sponji kwa sababu rangi yake imependeza, halafu tunatafuta pleti ya kuibeba, halafu tunalazimisha pleti iingie kwenye mashine. Mimi nasema tuanze huku juu: kwanza uzi wa mashine, kisha pleti, kisha sponji, na dawa iwe ya mwisho. Leo nitakwenda kwa mpangilio huo.

Tuanze na uzi, na nawaomba mnivumilie, maana hapa kuna namba.

Uzi wa skrubu una mambo mawili: unene na hatua. Hatua ni umbali ambao nati inasogea ukiizungusha mara moja. Rotari nyingi, yaani zile mashine zinazozunguka moja kwa moja kama grenda, zina shafti ya M14: unene wa milimita 14, hatua ya milimita 2. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi zina uzi wa inchi 5/8, karibu milimita 16, wenye meno 11 kwa inchi. Tofauti hiyo unaiona kwa jicho, kwa hiyo si rahisi kudanganyika.

Mtego uko kwenye mashine za obiti, hizi zinazozunguka huku zinayumba. Nyingi zinapokea boliti ya inchi 5/16 yenye meno 24 kwa inchi. Nyingine zinapokea M8. Sasa fanyeni hesabu pamoja nami: inchi 5/16 ni milimita 7.94. M8 ni milimita 8. Nani kati yenu ana jicho la kuona sehemu 6 za mia za milimita? Hakuna! Lakini hatua ya ile ya kwanza ni milimita 1.06 na hatua ya M8 ya kawaida ni 1.25. Zinasalimiana kwenye mzunguko wa kwanza, kwenye wa pili zinaanza kugombana.

Jamaa yangu mmoja aliniletea mashine yake ikiwa na pleti iliyosimama kichwa upande, kama kofia ya mlevi. Alinunua pleti mpya, ikaingia kidogo, ikagoma. Yeye akasema ni mpya, bado ina ubishi, akachukua spana. Mimi nilipoifungua, kiganjani mwangu ulidondoka unga wa chuma unaometameta, mwembamba kama vumbi la tupa. Ule ulikuwa uzi wa mashine yake. Pleti ni kitu cha kubadilisha, lakini shafti ya mashine si kitu cha kubadilisha kila mwezi.

Pleti yako halali huingia kwa vidole viwili. Vidole viwili tu, mizunguko kadhaa, laini, mpaka ikae. Spana inakuja mwisho kukaza. Ukiona unahitaji nguvu kwenye mzunguko wa pili, toa. Usijadiliane nayo. Na ile washa, yaani ringi nyembamba inayokaa kati ya pleti na mashine, ambayo huwa inaanguka chini ya meza na tunasema "aah, haina kazi", ina kazi. Inaipa pleti nafasi isisugue kifuniko cha mashine. Itafuteni.

Sasa ukubwa. Hapa ndipo nilipolipa karo.

Nilikuwa na pleti ya milimita 150 na pedi ya milimita 150. Nikaona zimelingana, ukingo kwa ukingo, nikafurahi kama mtu aliyepata kifuniko cha sufuria yake. Nikapiga boneti, ikatoka safi. Nikapiga mlango wa mbele. Nilipofika chini ya kioo cha pembeni, pale mlango unapojikunja kuingia ndani, nikainamisha mashine kidogo. Nikasikia "tak". Mara moja tu. Nikazima. Kwenye mlango mweusi wa mteja kulikuwa na alama ya nusu mwezi, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na kliya ilikuwa imetoka hapo. Kliya, kwa wageni, ni lile tabaka la juu lisilo na rangi, ndilo linalong'aa. Ulikuwa umetoka ukingo mgumu wa pleti chini ya sponji, ukaupiga mlango. Sponji inapobonyea pembeni, kama haina ziada ya kuzidi pleti, nani atailinda rangi?

Nilikwenda kumwambia mteja mwenyewe. Sitawasimulia maneno yake.

Kwa hiyo sponji lazima iizidi pleti. Kwa kiasi gani? Kwa uzoefu wangu, milimita 7 hadi 15 kila upande. Pleti ya 125 inabeba vizuri pedi ya 140 au 150. Pleti ya 75 inabeba pedi ya 90. Pleti ya 150 inataka pedi ya 165 mpaka 180. Mtu ataniuliza: je, si salama zaidi nikiweka pedi kubwa kabisa kwenye pleti ndogo? Pedi ya 180 kwenye pleti ya 125? Hapana, ndugu yangu. Hapo una karibu milimita 27 za sponji zinazoning'inia bila mgongo. Zinapepea. Zinarusha kompaundi kwenye kioo, kwenye raba za mlango, kwenye shati lako. Na huo ukingo haukati, kwa sababu hakuna kinachousukuma. Unabeba sponji ya 180 lakini unafanya kazi ya 125.

Kuna jambo jingine la ukubwa ambalo watu wengi wanalielewa nusu. Pedi ya milimita 150 kwenye rotari inayozunguka mara 1,500 kwa dakika, ukingo wake unakwenda mita 707 kwa dakika. Hiyo ni kama kilomita 42 kwa saa, juu ya rangi ya mtu. Pedi ya 75 kwa mizunguko hiyohiyo inakwenda nusu ya hapo. Basi watu husema pedi ndogo ni ya upole. Ni ya upole? Eneo la pedi ya 75 ni robo ya eneo la pedi ya 150. Robo! Ukiisukuma kwa mkono uleule, kila sentimita ya rangi inabeba mzigo mara nne. Na kwa kuwa unaitumia kwenye kona na vipande vidogo, unarudi palepale, palepale, palepale. Mimi nimeona gari nyingi zilizochomwa kwa pedi ndogo kuliko kubwa. Ukishika ndogo, punguza mkono.

Basi tuje kwenye uzito, ambao hakuna anayeuliza dukani.

Nilikuwa na mashine ya obiti niliyoipenda sana. Velkro ya pleti yake ilipochakaa nikaiweka chini kabisa ya sanduku la vifaa, nikafunga nyingine, ya kipenyo kilekile, uzi uleule, ikaingia kwa vidole viwili kama nilivyowafundisha sasa hivi. Kila kitu sawa. Ila mashine ikaanza kutetemeka. Si kelele, ni mtetemo, ule wa kuingia kwenye mfupa. Jioni nikifika nyumbani vidole havifungi vifungo vya shati. Nikailaumu mashine. Nikaifungua, nikabadilisha beringi. Ikatetemeka. Nikaifungua tena, nikabadilisha kaboni. Ikatetemeka vilevile. Nikaipeleka kwa mzee mmoja anayetengeneza vifaa vya umeme. Hakuifungua hata skrubu moja. Aliitoa pleti, akaiweka kiganjani, akaipandisha na kuishusha kama mtu anayekadiria kilo ya nyama, akaniuliza, "Hii umeitoa wapi?"

Kumbe ilikuwa na kitovu kinene cha chuma, na ile ya asili ilikuwa nyepesi. Tatizo lote lilikuwa hapo!

Sababu yake ni hii. Mashine ya obiti haizungushi pleti katikati ya shafti ya mota. Inaizungusha pembeni kidogo. Wakikwambia obiti ya milimita 15, maana yake kitovu cha pleti kinachora duara lenye kipenyo cha milimita 15, maelfu ya mara kwa dakika. Kitu kinachozunguka pembeni namna hiyo lazima kitikise mashine, kwa hiyo mtengenezaji anaweka ndani kipande cha chuma upande wa pili cha kukisawazisha. Ni hesabu ileile ya risasi wanazobandika kwenye rimu wakibalansi tairi. Na hesabu hiyo alipoifanya, alipima pleti gani? Yake. Ukiweka nzito zaidi, umeivuruga. Ukiweka nyepesi zaidi, umeivuruga pia. Ndiyo maana ukichukua mashine ya pleti kubwa ukaifunga pleti ya 75, inakurukia mkononi kama samaki. Baadhi ya mashine huja na vizani viwili vya kubadilisha kulingana na pleti. Kama yako imekuja navyo, soma karatasi. Kama haikuja navyo, nunua pleti iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo. Hapa mimi sina utani. Kwenye sponji unaweza kujaribu kampuni kumi. Kwenye pleti ya mashine ya obiti, usijaribu.

Rotari haina shida hiyo kwa kiasi kikubwa, kwa sababu pleti yake imekaa katikati. Shida ya rotari ni nyingine: sisi wenyewe tunabandika pedi upande. Milimita tano tu za kukosea kitovu, pedi inaanza kupiga makofi. Mimi huweka pedi, kisha nazungusha kwa mkono huku kidole gumba kimegusa ukingo. Kidole kikisukumwa upande mmoja, nabandua, narudia. Inachukua sekunde kumi.

Haya, sponji. Najua wengi mlikuja kwa ajili ya hii.

Mtu akiniuliza, "Fundi, pedi ya njano inafanya nini?" mimi namuuliza, "Ya nani?" Kwa kampuni ya Rupes, bluu ndiyo kali, kijani ni ya kati, njano ni laini, nyeupe ni laini zaidi. Kwa Lake Country, kwenye pedi zao za kawaida, njano ni ya kukata, ya chungwa inakata kidogo, nyeupe ni ya polishi, nyeusi ni ya kumalizia. Kwa hiyo njano ya huyu ni ya kumalizia, njano ya yule ni ya kukata. Mnaelewa hatari yake? Hakuna sheria ya dunia inayosema njano ni nini. Kila kampuni imejichagulia. Ukiazima pedi kwa jirani ukaichagua kwa rangi, unacheza bahati nasibu na gari la mtu.

Basi tunaichagua kwa nini? Kwa kidole gumba.

(Hapa niligawa pedi tatu zisizo na maandishi, zikapita mkono kwa mkono kuanzia safu ya mbele.)

Ibonyeze katikati kwa kidole gumba mpaka igome, kisha achia. Ile ya kukata inakupinga mapema na inarudi haraka kama inakusukuma. Ile ya kumalizia inazama na inarudi polepole. Halafu igeuze uso kwenye mwanga utazame matundu. Matundu makubwa yaliyo wazi yanapitisha hewa, hayahifadhi joto sana, lakini yanakunywa dawa. Matundu madogo yaliyofungwa yanaibakiza dawa usoni. Na msichanganye ugumu na ukali. Sponji inaweza kuwa ngumu na bado ina uso laini wa matundu madogo, na hiyo inasawazisha vizuri bila kuacha ukungu mwingi, ule weupe hafifu unaofifisha mng'ao. Ugumu unasema mkono wako utafika kwenye rangi kwa kiasi gani. Matundu yanasema uso utakwaruza namna gani. Viulize vyote viwili.

Unene je? Zamani sote tulipenda sponji nene, milimita 30 na zaidi, tukiamini ni mto wa usalama. Kwa rotari, sawa, inasaidia kwenye mikunjo. Lakini chukua obiti ndogo ya milimita 8, ifunge sponji nene na laini, uone. Pleti inayumba huku juu, sponji inakunjwa katikati, na uso unaogusa gari umelala pale pale hausogei. Mwendo wote umeliwa njiani. Unapiga mlango nusu saa, mikwaruzo inakutazama tu. Ndiyo maana pedi za obiti siku hizi zimekuwa nyembamba, milimita 25 na chini ya hapo. Uwezo wa kufuata mikunjo utaupoteza kidogo, lakini kazi itafika.

Na sufu? Na maikrofaiba? Nitapita haraka. Sufu inakata haraka na haihifadhi joto kama sponji, ila inaacha ukungu utakaousafisha baadaye. Maikrofaiba inakata sana kwenye obiti, na kwenye rangi laini inaweza kukuachia ukungu pia. Zote mbili ni za hatua ya kwanza kwenye rangi ngumu au iliyoumia. Yote niliyosema kuhusu pleti yanazihusu nazo.

Sasa naomba utulivu kidogo, maana nafika kwenye jambo lililonileta: joto.

Kliya ya gari nyingi zinazotoka kiwandani ina unene wa kati ya mikroni 35 na 50. Karatasi moja ya printa ina karibu mikroni 100. Kwa hiyo ile ngao yote unayoifanyia kazi, pamoja na kinga ya jua iliyomo ndani yake, haifiki unene wa karatasi unayoandikia risiti. Na sisi tunakwenda juu yake kwa kilomita 42 kwa saa. Joto lisipokuogopesha hapo, litakuogopesha lini?

Lakini leo sitaki kuzungumzia joto la kwenye rangi tu, hilo mnalijua. Nataka tuzungumzie joto la upande wa pili, upande wa pleti.

(Niliinua pleti moja kutoka mezani. Katikati yake, mahali pa velkro, palikuwa pameng'aa kama plastiki iliyopigwa pasi.)

Mnaiona hii? Ni yangu. Velkro imetokana na mhandisi Mswisi, George de Mestral, aliyechunguza vishada vya magugu vilivyomganda mbwa wake mwaka 1941. Hataza aliipata mwaka 1955. Ukiitazama kwa karibu, upande wa pleti ni vindoano vidogo vya plastiki, upande wa pedi ni vitanzi. Vindoano ndivyo vinavyoshika. Sasa sponji inapobonyezwa na kufumuka maelfu ya mara kwa dakika, inajitengenezea joto yenyewe, na sponji haipitishi joto vizuri. Katikati hakuna hewa. Joto linakaa hapo. Linapanda. Vindoano vinalegea, vinanyooka, vinalala. Wewe huoni chochote, kwa sababu uso wa pedi uko sawa na rangi inang'aa.

Siku ile nilikuwa nakimbizana na muda. Pedi moja, paa zima, boneti nzima, bila kupumzisha. Nikasikia harufu, nikadhani ni mota. Nikaendelea kidogo tu, "nimalizie hapa". Pedi ikachomoka. Ikavuka karakana ikapiga ukuta, na pleti ikashuka na vindoano vyake vilivyobaki moja kwa moja kwenye boneti. Bahati yangu nilikuwa nimeshaanza kuinua mkono. Nilipata mikwaruzo ya kuondoka kwa karatasi laini ya msasa na saa mbili za jasho. Ingekuwa sekunde moja baadaye, ningekuwa nalipia rangi ya boneti.

Kwa hiyo? Usifanye gari zima kwa pedi moja. Mimi natembea na pedi nne mpaka sita za aina moja kwa gari, na nazizungusha. Pedi ikifanya sehemu mbili tatu, naibandua, natia mgongo wa mkono kwenye velkro. Kwenye velkro, si usoni! Ikiwa ya moto kiasi cha kutaka kutoa mkono, inapumzika. Pedi yenye tundu katikati inasaidia, na pleti yenye matundu inasaidia zaidi, mradi matundu yakutane; nimeona watu wamenunua vyote viwili vyenye matundu na wamevibandika vikizibana. Kwenye bampa, punguza kasi mapema, maana plastiki hailivuti joto kulipeleka mbali kama bati linavyofanya. Na pedi ikijaa dawa iliyokauka, inazidi kuwa ngumu na ya moto, kwa hiyo isugue kwa brashi kila baada ya sehemu moja. Ukiiosha, maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha kivulini mpaka ikauke kabisa. Gundi inayoshikilia velkro haipendi jua kali.

Na pleti nayo huisha, jamani. Pitisha kidole kwenye vindoano. Kama havikukwaruzi, vimekwisha.

Kabla sijakaa, chukueni kalamu ya wino mzito, chora mstari mmoja kwenye ukingo wa pleti yako ya obiti. Mstari mmoja, mnene. Ukiwa unapiga, utazame. Ukiona mstari unazunguka, pedi inafanya kazi. Mstari ukisimama, na mashine bado inanguruma, pedi inatikisika tu na hakuna unachokata. Kwa mashine za obiti zisizo na gia hilo hutokea kila siku: umebonyeza sana, au umeinamisha, au uko kwenye mkunjo, au pedi ni kubwa kuliko nguvu ya mashine. Punguza mkono kidogo, mstari utaanza tena. Fundi mmoja aliyekuwa tayari kuiuza mashine yake akidai haina nguvu, nilimchorea mstari huo. Alipiga mlango mmoja huku anautazama. Mashine hakuiuza.

Kuna dada huku kushoto ameinua mkono muda mrefu. Anauliza, kama mtu ana mashine moja ya obiti na anaanza, anunue nini? Dada yangu, swali zuri. Pleti ya kampuni ya mashine yako, ya milimita 125 kama mashine inaikubali, na ya pili ya akiba, kwa sababu ya kwanza itaungua. Pedi nyembamba za 140 au 150: tatu za kati, mbili za kumalizia, moja au mbili za kukata. Usianze na za kukata. Kwenye kila gari chagua kipande cha mraba cha sentimita 40 kwa 40, anza na pedi laini unayodhani haitatosha. Ikitosha, umebakiza kliya. Isipotosha, panda ngazi moja, kipande hichohicho, na dawa ileile, ili ujue ni pedi iliyoleta tofauti. Hizo za ukubwa wa 75, subiri mpaka mkono wako ujue kupunguza.

Haya, mezani kule nyuma kuna rula, kuna boliti mbili, moja M8 na moja 5/16, na kuna mizani ya jikoni niliyoiazima bila ruhusa. Aliyekuja na mashine aitoe plagi kwanza, kisha afungue pleti yake tuipime.